Thamostati mbovu: zisome dalili kabla hujaitoa

"Toa hiyo thamostati, nchi yetu ya joto haiihitaji." Sijui ni gereji ngapi nimeambiwa hivyo, na kila mara anayesema ni fundi mwenye nia njema kabisa anayetaka gari lisichemshe tena. Naandika haya kwa sababu ushauri huo umeharibu injini nyingi polepole, na kwa sababu thamostati ni kifaa ambacho mwenye gari anaweza kukipima mwenyewe kwa sufuria na uzi.

Thamostati ni kilango kidogo cha chuma kinachoenea kiganjani, kimekaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya gari. Katikati yake kuna kikopo kilichojaa nta. Injini ikiwa baridi kilango kimefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto upesi. Joto likifika, kwa Toyota nyingi ndogo ni kati ya nyuzi 80 na 84, nta inayeyuka na kuvimba, inasukuma kijiti, kilango kinafunguka na maji yanaanza kwenda rejeta. Kwenye nyuzi 95 hivi nafasi ya kupita maji huwa imefika milimita 8 hadi 10. Maji yakipoa, springi inakirudisha.

Hapo ndipo hoja ya "nchi ya joto" inapoanguka. Siku ya jua kali Dar es Salaam hewa inafika nyuzi 33. Injini inataka zaidi ya 80. Kuna pengo la nyuzi 50 ambalo jua la Dar halilijazi, na kinacholijaza ni kile kilango.

Kinakufa kwa namna mbili kubwa: kinagoma kufunguka, gari linachemsha, au kinagoma kufunga, injini haipati joto lake. Ya kwanza inakusimamisha barabarani siku hiyo hiyo. Ya pili inakula injini kimyakimya miezi mingi, na wengi hawaijui kabisa.

Kabla hujagusa chochote

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kifuniko kinabana maji kwa shinikizo la takriban bar 1, na kwa shinikizo hilo maji yanaweza kukaa karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukikilegeza, shinikizo linaondoka ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kurukia uso na kifua. Zima gari, subiri dakika 30 hadi 45, kisha minya mpira (bomba) mnene wa juu wa rejeta ukiwa na kitambaa. Ukiwa bado mgumu na unaunguza, endelea kusubiri. Ukibonyea kirahisi na unashikika, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha kipumue, ndipo ukitoe.

La pili: feni ya umeme inaweza kujiwasha hata ufunguo ukiwa umeshatolewa. Weka mbali vidole, mikono ya kanzu na ncha za khanga.

La tatu: usimwagie maji baridi injini inayochemka, si kwa nje wala kwa ndani. Chuma cha moto kikipozwa ghafla kinapinda au kupasuka, na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) iliyopasuka ni gharama ya kiwango kingine kabisa.

Dalili ya kwanza: mshale wa joto unapanda haraka, gari ndiyo kwanza limetoka nyumbani

Umewasha, umeendesha dakika kumi, mshale tayari umevuka katikati na unaelekea kwenye H. Kwenye magari yasiyo na mshale, kama baadhi ya Passo na Vitz, taa nyekundu ya kipimajoto inawaka au kupepesa.

Sababu inayoongoza ni maji kupungua, si thamostati. Angalia asubuhi gari likiwa baridi: fungua rejeta yenyewe, usitegemee chupa ya akiba, maana chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ina pengo la lita mbili. Maji yakiwa pungufu, jaza, kisha tafuta yalikokwenda: viungo vya mipira, chini ya wota pampu, zulia la abiria wa mbele likiwa limelowa (hapo ni rejeta ya hita), na sakafu ulipolaza gari.

Maji yakiwa kamili, sasa thamostati iliyokwama imefungwa inapanda juu ya orodha. Ipime hivi. Washa gari likiwa baridi, liache kwenye mngurumo wa kawaida, ufuatilie mshale. Ukifika mahali pake pa kawaida na kuanza kupita, shika kwa tahadhari mpira wa juu na ule wa chini wa rejeta, mbali na feni na mikanda. Wa juu ukiwa wa moto na wa chini ukiwa baridi kama ulivyoamka asubuhi, maji hayazunguki kwenye rejeta. Zima mara moja, usisubiri taa.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hata kufungua boneti, na nasikitika hakifundishwi: washa hita hadi mwisho wa moto. Gari linachemsha na hita inapuliza moto mkali? Maji yapo na pampu inayasukuma, ila hayafiki rejeta. Mkono unaielekea thamostati, au rejeta iliyoziba. Gari linachemsha na hita inapuliza baridi? Maji ni machache, au kuna hewa imenasa ndani, au pampu haisukumi. Kwa magari mengi njia ya hita haipiti kwenye kilango cha thamostati, ndiyo maana jibu hili lina uzito.

Baada ya thamostati inafuata wota pampu: mapezi yake yameliwa na kutu, au mkanda unateleza. Pampu inayokufa mara nyingi huvuja kwenye kitundu kidogo chini yake na kuacha alama nyeupe au ya waridi, au inalia kama beringi kavu.

Ya mwisho ni gasketi ya silinda hedi. Haiji mara nyingi kama watu wanavyoogopa, lakini ikija inajifananisha na thamostati. Mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, injini bado baridi. Mapovu yanatoka mfululizo mdomoni mwa rejeta. Moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi kwenye ekzosi. Oili kwenye kijiti cha kupimia imekuwa kama chai ya maziwa. Ukiona mojawapo ya haya, usiagize thamostati. Gari lisiwashwe tena, livutwe hadi kwa fundi wa injini mwenye kifaa cha kupimia mgandamizo na gesi ya moshi kwenye maji.

Dalili ya pili: linachemsha sehemu fulani tu

Uliza kwanza ni wapi, kwa kuwa mahali panajibu nusu ya swali.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukipata mwendo, ni feni. Washa AC: kwa magari mengi ya feni ya umeme, feni inatakiwa kuzunguka muda mfupi baadaye. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo inayoiwasha feni), kisha badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi lile lile, ndipo umshuku mota. Thamostati haina habari na foleni.

Likitulia mjini na kuchemsha mlimani au kwenye mwendo mrefu, hapo feni haina lawama sana. Anayepandisha Kitonga kuelekea Iringa na gari limejaa watu na mizigo anaidai injini joto jingi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Sababu ya kawaida kwetu ni rejeta iliyoziba. Miaka ya kujazwa maji ya bomba na ya kisima inaacha chokaa na kutu kwenye vijia vyembamba, na tope na wadudu wanaziba mapezi kwa nje. Ukipapasa uso wa rejeta baada ya kuzima, feni ikiwa haizunguki, ukakuta vipande vya moto na vipande vya baridi, kuna vijia vimekufa.

Ya pili ni kifuniko cha rejeta kilicholegea. Mpira wake ukichoka, shinikizo halishiki na maji yanachemka mapema. Ukiwa nyanda za juu hali ni mbaya zaidi: Mbeya au Nairobi maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 94, si 100, hivyo kifuniko kibovu kinakunyang'anya akiba ambayo hukuwa nayo. Ni spea ndogo ya bei nafuu. Kibadilishe kabla hujafungua kingine chochote.

Ya tatu ndiyo thamostati inayofunguka nusu. Kwenye tambarare ile nusu inatosha, mlimani haitoshi. Hii haionekani kwa kupapasa mipira, inaonekana kwenye sufuria tu, nitaifikia.

Likianza kuchemsha mlimani, zima AC, washa hita na kipulizi hadi mwisho uvute joto nje ya injini, tafuta mahali salama pa kuegesha. Mshale ukigusa H, simama. Usijiambie kilele kiko karibu.

Dalili ya tatu: injini haipati joto

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu dalili hii ndiyo inayopita bila kuonekana.

Dalili zake ni hizi, na si lazima zije zote. Taa ya buluu ya injini baridi, kwa magari yaliyo nayo, inakaa muda mrefu kabla ya kuzima, au inazima mjini na kurudi ukishika barabara kuu. Mshale unakaa chini ya mahali pake, na unazidi kushuka mteremkoni. Hita inatoa vuguvugu. Gari linakunywa mafuta kuliko zamani, kwa kuwa kompyuta ikidhani injini ni baridi inaendelea kuongeza petroli. Gia ya juu ya otomatiki inachelewa kuingia, kwani magari mengi yanaizuia gia hiyo (ovadraivu) hadi maji yapate joto. Na mashine ya uchunguzi inaonyesha kodi (namba ya hitilafu) P0128, maana yake maji hayajafikia joto ambalo thamostati inapaswa kulilinda.

Toyota Raum ya nyumbani kwetu tuliinunua ikiwa na dalili tatu kati ya hizo na sikuziona hata moja. Mwezi wa Julai tulitoka Makambako kwenda Njombe jioni. Hita iko mwisho kabisa, inapuliza hewa kama ya mtu anayepumulia kiganja. Watoto nyuma wamejifunika shuka moja watatu. Asubuhi yake, gari likiwa limepoa, nilimwaga maji kidogo, nikalegeza nati za namba 10 za kile kikombe ambacho mpira wa chini unaingilia, nikakivuta. Ndani hamkuwa na kitu. Kitako cha thamostati kilikuwa kitupu, kimepakwa silikoni nyekundu pembeni ili kisivuje kwa kukosa gasketi yake. Aliyekuwa na gari kabla yetu alilipeleka gereji linachemsha, wakaitoa, likaacha kuchemsha kwa muda, na rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo ilikuwa kosa lenyewe, ikabaki ndani. Tuliirithi.

Basi sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

Thamostati imetolewa. Kwa gari lililopita mikono miwili au mitatu, hili ni la kwanza kulishuku. Ukiwa na shaka, liulize kwa upapasaji: washa asubuhi, na ndani ya dakika mbili tatu za kwanza gusa mpira wa chini na uso wa rejeta. Vikianza kupata vuguvugu pamoja na injini, tangu mwanzo, maji yanapita mlango ulio wazi. Thamostati nzima inaiacha rejeta baridi, kisha inaipasha moto baada ya injini kufika joto lake.

Thamostati ipo lakini imekwama wazi. Springi imechoka, au kipande cha kutu au silikoni kimeingia kwenye mdomo. Kipimo ni kile kile.

Maji pungufu. Kihisi kikiwa kwenye hewa badala ya maji kinasoma uongo, na hita inapoa kwa kuwa haipati maji. Jaza kwanza kabla ya kuhukumu.

Kihisi cha joto cha maji. Hiki ndicho kinachomdanganya fundi wa mashine. Kina kodi zake, P0117 na P0118, lakini kinaweza kukosea kidogo bila kodi. Gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji linaloonyeshwa na kompyuta linatakiwa kukaribiana na joto la hewa inayoingia. Likionyesha 12 asubuhi ya Tanga, kihisi kinasema uongo.

Feni iliyoungwa moja kwa moja, inayozunguka tangu unapowasha. Inachelewesha joto na inaficha makosa mengine, lakini peke yake haiishindi thamostati nzima. Irudishe kwenye mfumo wake, kwa sababu inakuzuia kujua rejeta yako ina hali gani.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa bluetooth. Baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayaelewani na vifaa vya bei ya chini, hivyo omba ukijaribu kabla ya kulipa. Endesha barabara kuu dakika ishirini ukiwa na mwenzako wa kusoma namba, si wewe dereva. Joto likipanda hadi kwenye 80 na kitu likatulia kati ya hapo na 95, thamostati inafanya kazi. Likishuka hadi 65 au 70 kila unapopata mwendo, haifungi au haipo. Mshale wa dashibodi hautakuambia hili vizuri. Kwenye magari mengi ya sasa umetengenezwa ukae katikati kwa nafasi pana ya joto ili dereva asihangaike.

Na madhara ni ya kweli. Petroli isiyoungua vizuri inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Unyevu unaotakiwa kukaushwa na joto unabaki kwenye oili, unageuka tope. Chini ya kifuniko cha kujazia oili utakuta ute wa rangi ya krimu, na hapo watu wengi wanaambiwa gasketi imekufa, injini inafunguliwa bure. Kwa gari linalotembea baridi, ute ulio chini ya kifuniko tu, huku oili kwenye kijiti ni safi na maji hayapungui, mara nyingi ni unyevu. Rudisha thamostati, badilisha oili, angalia tena baada ya wiki mbili.

Tena, kwa injini nyingi, kuitoa hakuponyi hata huko kuchemsha. Thamostati nyingi za Toyota zina sahani mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini wakati huo huo inaziba njia ya mkato ya kurudi ndani ya injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupitia rejeta, na mlimani, pale unapoihitaji rejeta yote, gari linachemsha tena.

Dalili ya nne: mshale unapanda, unashuka, unapanda

Mara nyingi ni hewa iliyonasa baada ya kujaza maji haraka, au maji pungufu. Jaza na utoe hewa kama nitakavyoeleza chini, kwenye "Kuifunga". Likirudia baada ya siku mbili, thamostati inakwama na kuachia: inachelewa kufunguka, joto linapanda, inaachia kwa kishindo, joto linaporomoka. Waya au soketi ya kihisi iliyoota kutu inafanya mshale uruke ghafla, kwa sekunde moja. Maji halisi hayawezi kubadilika upesi hivyo. Hewa ikirudi kila unapoitoa, na maji yanapungua pasipo kuvuja popote, rudi kwenye onyo la gasketi ya hedi hapo juu.

Dalili ya tano: maji yanatoka kwenye kikombe cha thamostati

Gasketi au pete ya mpira imechoka, au kikombe kimeliwa na kutu. Vikombe vya plastiki hupasuka kwa kukazwa kupita kiasi. Safisha, weka pete mpya. Silikoni si mbadala wa pete. Vipande vyake vinasafiri na kuziba rejeta.

Kipimo cha sufuria

Ukishaitoa thamostati, usiipeleke kwenye takataka wala usiirudishe kabla ya kuichemsha. Iangalie kwanza ikiwa baridi: kilango kinatakiwa kiwe kimefunga kabisa. Iinue kuelekea mwanga wa dirisha. Ukiona mstari wa mwanga kuzunguka mdomo, imekwisha, huna haja ya kuwasha jiko.

Ikiwa imefunga, sukuma kilango kwa kidole gumba, pitisha uzi kwenye mdomo, kiachie kibane uzi. Ining'inize kwa uzi huo kwenye sufuria ya maji, izame yote bila kugusa kitako, kwa sababu kitako kina moto kuliko maji. Weka kipimajoto cha jikoni pembeni yake. Pasha polepole, ukikoroga. Thamostati ikianza kufunguka, uzi unaachia na inadondoka. Soma joto hapo hapo. Linganisha na namba iliyogongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82. Tofauti ya nyuzi mbili tatu haina neno. Tofauti ya kumi ina neno.

Endelea kupasha hadi maji yachemke, kisha ipime uwazi kwa rula. Milimita 8 au zaidi ni nzuri. Aliye Mbeya, Njombe au Nairobi akumbuke maji yake yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, hivyo asiikatae kwa kukosa milimita moja. Halafu itoe, iache ipoe juu ya meza, utazame inavyorudi. Isiyofunga hadi mwisho ni mbovu hata kama ilifunguka vizuri.

Huna kipimajoto? Nunua mpya na uzichemshe zote mbili pamoja. Mpya ipimwe kwa vyovyote. Spea bandia zipo Kariakoo na zipo Kirinyaga Road, na kugundua jikoni ni nafuu kuliko kugundua Kitonga. Peleka namba ya chasi dukani, upewe yenye joto lile lile lililotoka na gari. Zipo zinazofunguka nyuzi 76 hivi zinazouzwa kama "za nchi za joto". Ikiwa gari lako lilikuja na 82, chukua 82. Ya mtumba usinunue.

Kuifunga

Injini iwe baridi. Safisha vitako viwili, vaa pete mpya. Springi inaelekea upande wa injini. Ukiona kitundu kidogo chenye kijiti kinachocheza kwenye ukingo, hicho kinatoa hewa, kikae juu kabisa. Ukikiweka chini, hewa inanasa na utatafuta tatizo ambalo umelitengeneza mwenyewe. Nati kaza kwa zamu, kwa kiasi.

Jaza mchanganyiko wa kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na maji safi yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu, au ile iliyokwisha changanywa kiwandani, ambayo haiongezwi maji. Ni kulanti inayozuia kutu, na kutu ndiyo inayoua thamostati. Weka hita kwenye moto, kifuniko kikiwa wazi, washa, acha ingurume huku ukiongeza maji yanaposhuka. Mapovu yatatoka. Yatashuka kwa ghafla thamostati itakapofunguka, ongeza. Mapovu yakiisha na mpira wa chini ukiwa wa moto, funga kifuniko.

Mahali pa kuweka spana chini

Ikiwa thamostati yako ina soketi ya waya, kama kwenye BMW na Volkswagen nyingi, inaendeshwa na kompyuta ya gari na sufuria haitoi hukumu kamili. Mpe fundi mwenye mashine ya uchunguzi ya aina hiyo ya gari. Vivyo hivyo ikiwa imefichwa nyuma ya mkanda wa taimingi, ikiwa bolti imekatikia ndani, ikiwa gari liliwahi kuchemsha hadi likazima lenyewe, au ikiwa linachemsha bado baada ya thamostati iliyofaulu sufuria, feni inayozunguka na rejeta iliyosafishwa. Mweleze fundi umepima nini na umepata namba gani, na umwombe akuonyeshe kila spea anayoitoa, thamostati ikiwa ya kwanza.

Ikiwa umeifunga mwenyewe, safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani. Liache lipoe usiku, asubuhi fungua rejeta. Maji kushuka kwa kiasi cha kikombe kimoja ni hewa iliyokuwa imebaki; ongeza. Yakishuka tena asubuhi ya pili na ya tatu, kuna mahali panavuja.